KOMPYUTA IMEFIKA SAITI: NA SISI TUJIFUNZE KUHESABU



Wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mko viwandani na mashambani. Mnakata miwa, mnachuma majani ya chai, mnasimama zamu mbele ya mashine. Huenda mkauliza: mambo ya wajenzi yanatuhusu nini? Nawaomba mvumilie kidogo. Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa wewe tia maji. Safari hii anayenyolewa ni mjenzi wa Kisugu, lakini wembe ni ule ule utakaofika kwenu, na pengine umekwisha kufika.

Kisugu iko katika Divisheni ya Makindye hapa Kampala, jirani na Namuwongo, chini ya kilima cha Muyenga. Huko juu kunajengwa nyumba za ghorofa mwaka hadi mwaka. Huku chini ndiko kwenye vyumba vya kupanga, na humo wanalala wengi wa wale wanaozijenga. Saa kumi na mbili alfajiri utawaona barabarani, waashi na wasaidizi wao, mwiko ndani ya mfuko wa plastiki, wakienda kutafuta lejaleja au kurudi kwenye saiti ya jana.

Hivi karibuni niliitwa kwenye saiti moja ya hapo. Jina la kontrakta silitaji, kwa kuwa shauri lile tulilimaliza kwa mazungumzo. Aliyeniita ni fundi mwashi, mzee wa makamo aliyeanza kazi hii kabla ya nusu ya wasaidizi wake kuzaliwa. Alikuwa amefanya kazi siku sita, amelipwa siku nne. Alipouliza, foromani alimwonyesha simu na kumwambia, "Mzee, hapa siku zako ni nne. Mashine haisemi uongo."

Mashine yenyewe ilikuwa imefungwa langoni. Kila mtu anapoingia huweka kidole, inasoma alama za kidole chake, na saa yake inaandikwa. Mzee yule akanyoosha mikono yake mbele yangu. Ndugu zangu, mnajua simenti inavyofanya. Simenti mbichi ni kali, inakula ngozi. Miaka na miaka ya kushika simenti na matofali ilikuwa imefuta mistari yote ya vidole vyake, vikawa laini kama jiwe la mtoni. Asubuhi mbili mashine ilimkataa, foromani akamwambia apite tu kwa sababu zege lilikuwa linangoja. Akapita, akafanya kazi, na jioni ikawa kama hakuja.

Mashine haikusema uongo, wala mzee hakusema uongo. Hapo ndipo nilipoona kwamba jambo hili linataka kuelezwa vizuri, kwa maana tukilipinga bila kulielewa tutashindwa, na tukilikubali bila kulielewa tutaibiwa.

HESABU ZA ZAMANI NA ZA SASA

Zamani, kontrakta alijua gharama ya nyumba kwa njia hii. Mchoraji alichora ramani kwenye karatasi. Mkadiriaji majenzi alikaa na rula na kalamu, akapima kila ukuta katika ramani, akapata idadi ya matofali, mifuko ya simenti, nondo, mchanga, kokoto na siku za kazi. Orodha ile ilichukua majuma. Ramani ikibadilishwa, kazi ilianza upya. Kisha kazi ilipoanza saiti, hesabu ilibaki katika daftari la stoo na daftari la karani. Mwisho wa mwezi, au mwisho wa nyumba, ndipo tajiri alipojua kama amepata faida au hasara. Akikuta hasara, alikuwa hajui imetokea wapi.

Leo ramani inachorwa ndani ya kompyuta. Si mistari mitupu tena, bali ni mfano wa jengo zima, na kila ukuta ndani yake unajulikana urefu, unene na vifaa vyake. Ukisogeza ukuta, idadi ya matofali inabadilika yenyewe. Kabla shimo la kwanza halijachimbwa, tajiri anayo hesabu ya mifuko ya simenti. Kazi kubwa kama daraja jipya la Jinja lililofunguliwa mwaka 2018, au bwawa la Karuma la megawati 600 lililozinduliwa mwaka 2024, haziendeshwi kwa daftari.

Lakini mambo haya si ya kampuni kubwa za kigeni peke yake tena. Kontrakta mdogo wa Kisugu naye ana simu. Lori likileta mchanga, stookipa anapiga picha. Tangu mwaka 2021 Mamlaka ya Mapato ya Uganda, yaani URA, inawataka wafanyabiashara waliosajiliwa kwa kodi ya VAT kutoa risiti na ankara za elektroniki. Basi bei ya kila mfuko na kila nondo inabaki imeandikwa. Lori lenyewe linaweza kufungwa chombo cha kuonyesha liko wapi na limesimama muda gani. Mishahara inatumwa kwa simu, kwa njia ile iliyoanza Kenya na M-Pesa mwaka 2007 na kufika hapa kwetu na MTN mwaka 2009. Jioni tajiri yuko nyumbani kwake, lakini anaona kila kitu: leo zimetumika shilingi ngapi za simenti, ngapi za mafuta, ngapi za watu.

Kwa ufupi, zamani tajiri alihesabu nyumba ikiisha. Leo anahesabu kila siku, na akipenda kila saa.

FAIDA ZAKE TUZISEME

Mimi si mtu wa kupinga kila kipya. Nimefanya kazi ya chama muda wa kutosha kujua kwamba daftari la zamani nalo halikuwa rafiki yetu. Ni mara ngapi karani alisahau jina lako kwa sababu hukumpa chochote? Ni mara ngapi simenti ilipotea stoo usiku, na asubuhi wakakatwa wasaidizi ambao hawana hata ufunguo? Ni mara ngapi mtu ameanguka kutoka jukwaani, na alipodai fidia akaambiwa hakuwa mfanyakazi wa hapo? Hesabu ikiwekwa vizuri, inamlinda mnyonge vile vile.

Tena kuna jambo kubwa zaidi. Zamani, hasara ikitokea na chanzo chake hakijulikani, tajiri alikata pale palipo rahisi kukata, yaani mshahara. Bei ya simenti haikatiki. Mwaka 2018 ilipoadimika nchini, bei ilipanda na kila kontrakta alilipa akinuna. Benki haikubali kukatwa. Kibarua ndiye anayekatika. Na katika nchi hii sheria haikumwekea sakafu ya maana ya kusimama, kwa sababu kima cha chini cha mshahara kilichowekwa mwaka 1984 kilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi, na muswada wa kukibadilisha uliopitishwa na Bunge mwaka 2019 haukutiwa saini na Rais.

Sasa kompyuta inaweza kuonyesha hasara ilikotoka. Je, ni mjenzi mvivu, au ni lori lililochelewa? Je, ukuta ulijengwa vibaya, au ramani ilibadilishwa ukiwa umekwisha kusimama? Majibu yamo humo ndani. Lakini yamo kwa yule anayeruhusiwa kuangalia, na sisi hatujaruhusiwa. Ndiyo shida yenyewe.

MAMBO MATATU YANAYOTUUMIZA

La kwanza ni hili la vidole. Mashine inayomkataa mtu kwa sababu mikono yake imelika kazini inamwadhibu kwa kufanya kazi. Wakata miwa na wachuma chai wanalijua, mikono yao nayo si ya karani wa benki.

La pili ni foleni ya langoni. Tuseme saiti ina watu 30, na kila mmoja anapoteza dakika 15 asubuhi akingoja mashine imsome. Hizo ni dakika 450 kwa siku, yaani saa saba na nusu. Karibu siku nzima ya mtu mmoja inapotea langoni kila asubuhi. Katika mwezi wa siku 26 za kazi ni saa 195, ambazo ni zaidi ya siku 24 za kazi za saa nane. Nani anazilipa? Kama saa inaanza kuhesabiwa baada ya kidole kusomwa, tunazilipa sisi. Na mbaya zaidi ni kungoja vifaa. Mashine inajua kwamba leo kikosi kimejenga matofali machache kuliko jana, lakini haiandiki kwamba kikosi kilikaa chini ya mwembe kikingoja mchanga. Tajiri anatazama simu yake anasema: watu hawa wamelegea.

La tatu ni mshahara wa simu. Ni salama kuliko kutembea na pesa taslimu Namuwongo usiku, sikatai. Lakini pesa zile hazitoki bure. Kuna ada ya kampuni ya simu, na kuna kodi ya serikali ya nusu asilimia kwa kila pesa unayotoa, iliyobaki baada ya ile ya asilimia moja ya mwaka 2018 kupigiwa kelele. Tuseme msaidizi analipwa 20,000 kwa siku, anatoa 120,000 kila Jumamosi. Kodi peke yake ni shilingi 600. Kwa majuma 52 ni shilingi 31,200, yaani zaidi ya siku moja na nusu ya jasho lake, bado ada hatujaihesabu. Zamani gharama ya kupeleka pesa saiti ilikuwa ya tajiri. Alilipa karani, gari na mlinzi. Sasa gharama hiyo imehamia kwenye mfuko wa kibarua, na katika kompyuta ya tajiri inaandikwa kwamba amepunguza matumizi.

DAFTARI LA KURASA 96

Narudi kwa mzee wetu wa Kisugu. Vijana wa saiti ile walikuwa tayari kuing'oa mashine. Niliwaambia, mkiing'oa leo, kesho italetwa nyingine na nyinyi mtakuwa polisi. Mwaka 2010 wachuma chai wa Kenya waligoma dhidi ya mashine za kuchumia, na mashine ziko mashambani mpaka leo. Silaumu mgomo, mgomo ni haki yetu. Nasema tu kwamba mashine haijibiwi kwa hasira peke yake. Hesabu hujibiwa kwa hesabu.

Tulichanga, tukanunua daftari la kurasa 96 na kalamu mbili. Wakachaguliwa watu wawili wanaojua kuandika vizuri, mmoja wa waashi na mmoja wa wasaidizi. Kila siku waliandika: nani ameingia na saa ngapi, nani mashine imemkataa, kazi ilisimama saa ngapi na kwa sababu gani, na saa ngapi watu wametoka. Mimi nimeishia shule ya msingi, na kazi ile haikuwa na lolote linalozidi hesabu za darasa la nne.

Baada ya majuma mawili tuliomba kuonana na kontrakta. Tulikaa naye, yeye na simu yake, sisi na daftari letu. Tulisoma siku kwa siku. Kwenye vidole alikubali upesi, maana hata yeye alimjua mzee yule na aliona kazi ya mikono yake ukutani. Kwenye kungoja alikataa. Alisema watu wamelegea, akaonyesha siku tatu ambazo kazi ilikuwa ndogo. Basi tukamwomba jambo moja tu: afungue picha za malori za siku zile tatu. Akafungua. Siku ya kwanza lori la nondo lilipigwa picha saa saba mchana. Siku ya pili mchanga uliingia saa tano na nusu. Siku ya tatu hakuna lori lililoingia kabisa. Na mashine yake mwenyewe ilisema watu waliingia saa moja asubuhi.

Alikaa kimya. Kisha akacheka kidogo, akasema hakuwahi kuziweka hesabu hizo mbili pamoja.

Ndugu zangu, hapo ndipo mjifunze. Shahidi wetu alikuwa ndani ya simu ya tajiri siku zote. Aliyekuwa hayupo ni mtu wa kumwuliza swali.

Hatukupata yote. Siku za wale waliokataliwa na mashine zililipwa. Ilikubaliwa kwamba mtu akikataliwa, aandikwe kwa mkono, foromani na mtu wetu waweke saini. Ada ya kutoa pesa inaongezwa juu ya mshahara. Muda wa kungoja vifaa tulidai ulipwe wote, tukapata nusu. Hiyo nusu nyingine bado tunaidai. Foleni ya langoni ilipungua yenyewe, kwa sababu kontrakta alipoona hesabu yake aliongeza mashine ya pili.

SHERIA INASEMAJE

Yapo mambo ambayo kila mfanyakazi ayashike, kwa sababu hesabu za kompyuta zinaweza kuyathibitisha.

Moja, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inaweka saa 48 kwa juma. Saa za ziada zinalipwa si chini ya mara moja na nusu, na sikukuu za serikali mara mbili. Kama mashine imeandika umetoka saa moja usiku, basi iandike na malipo yake.

Mbili, sheria hiyo hiyo inakupa haki ya kupata maelezo ya mshahara wako kwa maandishi, pamoja na kila kilichokatwa. Ujumbe wa simu unaosema umepokea kiasi fulani si maelezo ya mshahara.

Tatu, Kanuni za Ajira za mwaka 2011 hazimruhusu mwajiri kukuweka kibarua wa kutwa zaidi ya miezi minne. Baada ya hapo unastahili mkataba wa maandishi. Zamani uliambiwa, wewe umekuja jana. Leo kidole chako kimeandikwa tangu siku ya kwanza. Omba orodha hiyo.

Nne, tangu sheria ya NSSF ilipofanyiwa mabadiliko mwaka 2022, kila mwajiri anatakiwa kuchangia, hata mwenye mfanyakazi mmoja: asilimia 10 kutoka kwake na 5 kutoka kwako. Unaweza kutazama kwa simu kama pesa zinafika.

Tano, Sheria ya Kulinda Data na Faragha ya mwaka 2019 inasema mtu anayechukua habari zako, na alama ya kidole ni habari yako, akueleze ni za kazi gani. Unayo haki ya kuziona, na zikiwa na makosa zisahihishwe.

Mwajiri akikataa, yuko ofisa wa kazi. Lakini usiende mikono mitupu. Nenda na daftari.

TUDAI NINI

Chama kinapokaa mezani na mwajiri yeyote anayeleta mashine za kuhesabu, tudai mambo haya. Mashine isiwekwe kabla ya wafanyakazi kuelezwa. Iwepo njia ya pili kwa yule ambaye mashine imemkataa. Saa ihesabiwe tangu mtu anapofika langoni. Muda wa kungoja unaotokana na mwajiri uandikwe na ulipwe. Gharama ya kutoa mshahara isimwangukie mfanyakazi. Na mjumbe wa chama aruhusiwe kuziona hesabu za saa na mishahara kila mwisho wa juma, kabla ya malipo na si baada yake.

Na mwajiri akisema kwamba mashine imempunguzia hasara, tumpongeze. Kisha tumwulize: katika hasara hiyo iliyopungua, fungu letu ni lipi? Simenti isiyoibwa ni sisi tulioilinda. Ukuta usiobomolewa ni sisi tulioujenga sawa.

Enyi wa mashambani, mzani wa elektroniki unaopima majani yenu, je, mnaandika kilo zenu wenyewe kabla ya kuondoka mzanini? Enyi wa viwandani, mashine inapoharibika na mkasimama saa mbili, je, saa hizo zinaandikwa kwa jina la nani? Kama hakuna anayeandika, jueni kwamba zinaandikwa kwa jina lenu.

Mzee wa Kisugu yuko kazini bado. Jengo lile limefika ghorofa ya tatu. Asubuhi anaweka kidole, mara inasoma, mara haisomi. Isiposoma hagombani tena na mtu. Anaita kijana mwenye daftari, anaandikwa, anapita kwenda kuchanganya simenti yake.

Daftari la kwanza limekwisha jaa. Wamenunua la pili.

Umoja ni nguvu.